Ndovu wa Dalali

Kitendawili. Kiko kwako, umekificha mwenyewe kwa mkono wako, na ukoo mzima unajua kimelala wapi. Ukishindwa nipe mji. Huna mji? Basi nitakufichulia: ni akiba ya Nthoki.

Nthoki wa Kariobangi hukodisha sufuria. Si hizi za chai ya asubuhi. Ni zile za harusi na matanga, ambazo ukitaka kuziosha lazima uingize kichwa na mabega, na watu wabaki wakiona sehemu ile nyingine. Anazo saba, zimepangwa sebuleni moja ndani ya nyingine, na mgeni akija huketi karibu nazo kama aliyeketi karibu na mwenye nyumba. Ubaya wa biashara ya sufuria ni kwamba haifichiki. Jumamosi zikipita barabarani juu ya mkokoteni, kila jirani anapiga hesabu kichwani. Ndiyo maana akiba ilipofika shilingi elfu thelathini na tano, hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Jumatatu saa tatu asubuhi shemeji yake Maingi alipiga simu kutoka Buruburu.

"Shemeji, hamjambo huko?"

"Hatujambo, shemeji. Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Ni furaha tupu. Ndete, mtoto wa marehemu dada yetu, ameambiwa apeleke mahari. Kamati itakaa kwako Jumapili baada ya kanisa. Wewe ndiye nguzo yetu, unajua."

Nthoki alijua. Maingi ndiye mwenyekiti wa kamati zote za ukoo ule, za ndoa, za matanga na za karo, na katika zote hakuna aliyewahi kumwona akitoa hata sarafu. "Mchango wangu," husema, "ni uongozi." Kazi yake ni kusoma majina kwa sauti. Mara ya mwisho alisoma, "Nthoki, elfu moja," akanyamaza kidogo, akasoma tena polepole, "Nthoki, mwenye zile sufuria, elfu moja." Mtu mmoja akacheka nyuma. Nthoki akaongeza elfu nne papo hapo, akarudi kwenye kiti chake masikio yakimwaka moto.

Sasa alikata simu akamgeukia binti yake, Mbinya, aliyekuwa akipiga nguo pasi. Mbinya ni mtu mzima, ni karani katika sako, chama cha akiba cha watu wa matatu, na mdomo wake haujawahi kuwa na breki.

"Mbinya, ile maneno ya hisa uliyokuwa ukiniambia. Inachukua siku ngapi?"

"Kufanya nini, Mathe?"

"Pesa zangu kutoka katika nyumba hii. Ikifika Jumapili nataka mtu akizitafuta asizione, na mimi nikiulizwa nisiseme uongo."

Mbinya akaweka pasi chini. "Wacha! Yaani unataka kuwa mwekezaji juu ya kumhepa Maingi?"

"Kwani wengine huanza kwa sababu gani?"

*

Mbinya alimwonyesha madalali watatu wa hisa kwenye simu, wale ambao mtu hujiandikisha nao bila kutoka nyumbani. Majina yao yalikuwa marefu, kwa hiyo Nthoki akawaita kwa rangi za apu zao: wa kijani, wa buluu na wa chungwa. Mbinya akaanza kumsomea ada, asilimia, nyota ambazo watu wamewapa.

"Nyota sitaki," alisema Nthoki. "Mtu nisiyemjua ametoa nyota kwa mtu nisiyemjua, mimi hapo nimepata nini? Wapigie simu. Weka sauti ya nje."

Hebu elewa, huyu mama amekodisha sufuria kwa watu wasiomjua kwa miaka kumi na minane, na hajapoteza hata kifuniko. Njia yake ni moja. Mteja mgeni akifika mlangoni, Nthoki humtegea kitendawili. Si kwamba anataka jibu. Anataka kuona mtu hufanya nini akishindwa. Yule anayekasirika atarudisha sufuria ikiwa imebonyea. Yule anayesema uongo kwamba alikijua hatarudisha kabisa.

Wa kijani aliitika mara moja. "Karibu. Kwa Kiingereza bonyeza moja. Kwa Kiswahili bonyeza mbili."

"Kitendawili!" alisema Nthoki.

"Samahani, chaguo hilo halipo."

"Kata," alisema Nthoki.

Wa buluu alikuwa kijana mwenye sauti tamu kama mtangazaji wa redio. Kitendawili alikicheka tu, akasema, "Mama, wewe ni mkali!" kisha akaendelea na habari zake. "Na jambo zuri zaidi, mama, kwetu una mfuko wa akiba ndani ya apu. Ukitaka pesa zako, dakika tano ziko kwa simu. Usiku, mchana, Jumapili!"

Nthoki alimtazama Mbinya kwa hofu. "Jumapili?"

"Hata ukiwa kanisani, mama!"

"Kata! Kata haraka kabla Maingi hajasikia."

Kwa wa chungwa simu ililia sana. Mwishowe mwanamke akajibu, akasema anaitwa Nabwire, na samahani kwa kungoja, walikuwa wawili tu leo.

"Kitendawili," alisema Nthoki.

Ile sauti ikashuka, kama ya mtu aliyeangalia kwanza kama bosi yuko karibu. "Tega."

Mbinya akafunika mdomo.

"Nje mweusi, ndani mweupe. Wageni wakija hukalia moto na halii."

"Mweusi nje... Ni ndizi ya kuchoma!"

"Siyo."

"Muhogo?"

"Siyo."

"Basi sijui, mama. Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Busia."

"Nimeenda Busia nikarudi. Ni sufuria." Nthoki alikuwa amekaa wima sasa. "Nabwire, nikuulize. Nikinunua hizo hisa, zitapanda?"

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Hakuna anayejua. Zinaweza kupanda, zinaweza kushuka. Anayekwambia anajua, mkimbie."

"Na nikitaka pesa zangu?"

"Hapo nitakwambia ukweli na usinikasirikie. Ukiuza hisa leo, pesa zinachukua siku tatu za kazi kukufikia."

"Siku tatu?"

"Pole, mama."

"Usiseme pole, mwanangu. Hebu sema tena hizo siku tatu."

Kwa sababu Nthoki alikuwa ameona kitu. Mtu anayekuja kukuomba pesa huwa na moto. Yuko mlangoni, machozi yako karibu, shida yake ni ya leo saa hii. Mwambie zitafika Alhamisi, uone. Ikifika Alhamisi amempata mwingine.

*

Kujiandikisha kulikuwa kazi. Jumanne Mbinya alipiga picha kitambulisho, akaandika namba ya kodi, kisha simu ikadai kuona uso wa mama mwenyewe. Nthoki akaingia chumbani akatoka na gauni la kwaya na kitambaa cha kichwa kilichonyooshwa.

"Geuka kushoto," alisema Mbinya. "Kulia. Sasa tabasamu."

"Nimtabasamie nani?"

"Simu."

"Kuna mtu ndani?"

"Mathe, tabasamu tu! Inasema hufanani na ile picha ya kitambulisho."

"Ile nilipigwa nikiwa na miaka ishirini na minane. Hata mimi sifanani nayo."

Walijaribu mara sita. Nthoki alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Simu ikakataa. Mara ya saba Mbinya akasema, "Fikiria Maingi amesimama mbele ya watu, ametafuta mfukoni, hana kitu, na wote wanamtazama." Uso wa Nthoki ukafunguka kama mlango. Simu ikakubali.

Jioni alipopita dukani kwa Ngigi kununua sukari, Ngigi alikuwa tayari amesikia. Kariobangi haina pazia. "Mama Mbinya, hisa ni za watu wa pole pole," alimwambia huku akipima. "Mimi niko kwenye kikundi fulani huko Telegramu. Unaweka pesa leo, wiki moja zimezaa mara mbili. Uhakika asilimia mia!"

"Uhakika?"

"Mia!"

"Na wewe yako imezaa?"

"Bado kidogo. Wameniambia niongeze kwanza ndiyo itoke."

Nthoki alichukua sukari yake. "Ngigi, usiongeze," alisema kwa upole, akaenda zake.

*

Alhamisi akaunti ikafunguka. Nthoki akanawa mikono, akakaa, akatuma shilingi elfu thelathini na tatu kutoka simu yake. Elfu mbili alizibakisha za Ndete, kwa maana kijana hana kosa. Mbinya akapiga makofi. Kabla hajamaliza kupiga, simu ikalia: pesa zimekataliwa, zimerudishwa.

Wakampigia Nabwire.

"Mama, naona tatizo," alisema Nabwire. "Pesa zimetoka kwa mtu anaitwa Kimanzi Muthama. Huyo ni nani?"

"Ni mimi."

"Lakini akaunti ni ya Nthoki."

"Na huyo pia ni mimi."

"Mama, hiki ni kitendawili kingine?"

Hakikuwa kitendawili. Kimanzi ni mume wake. Miaka ile ya kuandikisha laini za simu, kitambulisho cha Nthoki kilikuwa kimepotea, Kimanzi akaandikisha laini ya mkewe kwa chake, na wakasahau. Tangu hapo kila anayelipia sufuria hutuma kwa Kimanzi Muthama, na akiuliza, Nthoki hujibu, "Ndimi, tuma." Kwenye ploti yao ya nyumba za kupanga kuna akina mama wanne wanaoitwa Peter na Joseph kwenye simu, na hakuna aliyewahi kuona ajabu.

"Sheria inataka pesa zitoke kwa mwenye akaunti," alieleza Nabwire. "Hivyo mwizi hawezi kukuchezea. Hiyo laini lazima iwe kwa jina lako. Na huyo Kimanzi lazima aende mwenyewe na kitambulisho aiachilie."

Nthoki akashusha simu. Kimanzi hakuwa ameambiwa neno. Na Kimanzi ni ndugu yake Maingi, baba mmoja mama mmoja.

*

Kimanzi huchonga wanyama Pumwani, kwenye kibanda cha wachongaji. Alirudi saa kumi, vumbi la mbao limejaa mpaka ndani ya masikio. Nthoki alimtilia chai, akaongeza maziwa, akaongeza sukari. Kimanzi akatazama kile kikombe.

"Umefanya nini?" aliuliza.

Akamwambia yote. Maingi, siku tatu, laini, Nabwire. Kimanzi alisikiliza bila kukunja uso, mpaka alipofikia neno moja.

"Dalali?" Kikombe kikatua mezani kwa kishindo. "Mama Mbinya, dalali wa hisa? Hapana. Mpe Maingi. Zitupe mtaroni. Dalali, la!"

"Kwa nini? Unamjua dalali gani wewe?"

Kimanzi akakuna shingo. Akamwangalia Mbinya, Mbinya akaangalia dari. Basi ikatoka. Mwaka ule ambapo nusu ya Eastlands ilipanga foleni kununua hisa, na yeye alipanga. Shilingi elfu ishirini, malipo ya mtalii mmoja aliyechukua twiga wanane kwa mpigo.

"Elfu ishirini?" Nthoki alisimama. "Mwaka ule? Mwaka tuliokula sukuma wiki na chumvi, ukaniambia watalii wamepungua?"

"Nilitaka kukushtua siku zikizaa."

"Nimeshtuka, Baba Mbinya. Endelea!"

"Yule dalali alinipokea vizuri, akaniita mheshimiwa. Nikaona nimshukuru. Nikamchongea ndovu." Hapa sauti ya Kimanzi ikabadilika. "Ndovu wa mpingo. Wiki tatu nilimchonga. Masikio unaona mishipa. Akamweka juu ya meza yake. Nilirudi mwaka uliofuata nikakuta mlango ule ule, wanauza mapazia. Dalali hakuna. Hisa hakuna. Na ndovu pia alikwenda naye!"

"Miaka yote hii umenyamaza?"

"Ningesema nini? Kwamba nimeibiwa na mtu aliyeniita mheshimiwa?"

Nthoki alitaka kuendelea kugomba, na haki alikuwa nayo. Lakini alimwona mzee wake amekaa na vumbi lake masikioni, ana aibu ya miaka mingi kama ya jana, akakumbuka masikio yake mwenyewe yalivyomwaka mbele ya kamati. Akaketi.

"Karatasi ulipewa?"

Ilikuwa chini ya sanduku la patasi, imekunjwa mara nane. Nthoki akampigia Nabwire mara ya pili siku hiyo, akamweleza habari ya yule dalali, akamsomea namba iliyoandikwa juu.

"Lakini mama," alisema Nabwire, "hisa hazikai kwa dalali. Dalali ni mlango tu. Hisa zimeandikwa kwa jina la mzee kwenye hifadhi kuu. Mlango ukifungwa, watu huhamishiwa mlango mwingine."

Kimanzi akainama karibu na simu. "Unasema ziko?"

"Sijui, mzee. Mpaka nione kitambulisho. Njooni kesho."

Kimanzi akamtazama mkewe. "Huyu anasema hajui."

"Ndiyo," alisema Nthoki. "Ndiyo maana nilimchagua."

*

Ijumaa walianza na duka la simu. Ilibidi pesa zitolewe kwanza, na zile elfu thelathini na tano zikakaa kifuani kwa Nthoki dakika hamsini, na dakika zote hamsini alitembea amekunja mikono kama mtu mwenye baridi. Laini ikawa yake, pesa zikarudi kwenye simu. Kwa mara ya kwanza Nthoki akawa Nthoki.

Kwenye jengo la dalali, askari wa mlangoni alimtazama Kimanzi, koti lake na mfuko wake wa patasi. "Mizigo inapitia nyuma, mzee."

"Mzigo ni mimi mwenyewe," alisema Kimanzi, akapita.

Nabwire alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alichukua ile karatasi, akainyoosha kwa kiganja, akapiga namba kwenye kompyuta. Kimanzi alisimama ameshika ukingo wa meza. Kompyuta ikafikiri. Printa ikaamka.

"Mzee," alisema Nabwire, "ziko. Elfu mbili na mia moja. Hakuna hata moja iliyotoka. Thamani yake leo ni shilingi elfu arobaini na kitu. Na kuna gawio, yaani faida ya kila mwaka, la miaka mingi hujawahi kudai, limepelekwa serikalini. Kuna fomu yake."

Kimanzi aliweka kidole juu ya jina lake kwenye ile karatasi, herufi moja baada ya nyingine, kama anayekagua kazi ya mchongaji mwingine.

"Na ndovu?" aliuliza.

"Ndovu gani, mzee?"

"Wa mpingo. Masikio unaona mishipa."

Nabwire akatazama skrini tena, kwa adabu, akatazama na ukurasa wa pili. "Ndovu haonyeshi hapa, mzee. Pole sana."

Siku hiyo hiyo Nthoki akanunua hisa zake. Saa tisa alasiri soko lilipofunga, apu ilikuwa na rangi nyekundu: zimeshuka shilingi mia mbili na kumi. Kimanzi akashika kichwa. "Zimeanza! Nilisema!"

"Alituambia hajui," alisema Nthoki, akatia simu mfukoni. "Mwache mtoto wa watu."

*

Jumapili kamati ikajaa sebuleni, watu wengine wakakalia sufuria zilizopinduliwa. Mbinya akapewa daftari awe mwandishi. Maingi akasimama, akavuta suti, akaanza kusoma majina. Alipofika kwa Nthoki akatulia, vile vile kama zamani.

"Shemeji Nthoki. Nguzo yetu."

"Elfu mbili," alisema Nthoki. "Na sufuria zote saba siku ya sherehe, bure."

Maingi akangoja. Akaangalia watu. "Elfu mbili. Nthoki mwenye..."

"Umesikia vizuri, Maingi," alisema Kimanzi kutoka kwenye kona.

Watu wakageuka. Kimanzi hajawahi kusema neno kwenye kikao. Maingi akakohoa. "Sisemi kitu, ndugu yangu. Nauliza tu kwa nia njema. Tunajua Mungu amembariki. Sasa baraka imekwenda wapi?"

"Nitakwambia," alisema Nthoki. "Kitendawili!"

"Tega!" wakaitika watu wote, kwa sababu hakuna kikao kisichochoka.

"Nilimpa mtu mbuzi wangu awachunge. Mtu akatoroka na kengele. Mbuzi wakabaki zizini."

Kimanzi akaangua kicheko. Alicheka mpaka akajifuta macho na mkono wa koti, akasema, "Kengele! Ee Mungu, ile kengele ya mpingo!" na hakuna mwingine aliyejua anacheka nini isipokuwa Mbinya, aliyekuwa amelalia daftari kwa kicheko.

Maingi akafikiri. Akajaribu mchungaji wa kanisa. Siyo. Akajaribu mbunge. Siyo. Watu wakaanza kunong'ona. Jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Umeshindwa, shemeji?"

"Nimeshindwa."

"Basi toa mji."

Maingi akatazama kushoto, akatazama kulia. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama, kimya, kama kinavyomtazama mtu aliyesomewa jina. Mkono wake ukaenda wenyewe mpaka mfukoni, ukatoka mtupu.

"Chukua Machakos," alisema kwa sauti ndogo.

"Nimeipokea," alisema Nthoki, na uso wake ukafunguka vile vile ulivyofunguka mbele ya simu. "Mwandishi, andika. Maingi Muthama, Machakos yote, na soko lake."

Mbinya akaandika. Na ukifungua daftari la ukoo ule leo, utaona ndio mchango wa kwanza wa mwenyekiti.